Viza ikisubiriwa, vipimo vya uzazi visisubiri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nimjibu msomaji mwenzangu ambaye hivi karibuni aliwashauri wanawake wenye waume ng'ambo waweke kando habari za matibabu ya uzazi mpaka viza zao zitoke, kwa hoja kwamba huko waendako hospitali ni bora na serikali ndiyo inayolipa. Sina shaka kwamba aliandika kwa nia njema. Lakini katika miaka yangu ya ukunga hapa Mwanza, na hata sasa nikiwa mstaafu ambaye mabinti wa mtaani bado humbishia hodi jioni wakiwa na bahasha za majibu ya maabara, nimeona ushauri huo ukiwagharimu wanawake kitu ambacho hakuna ubalozi unaoweza kukirudisha, yaani umri wa mayai yao. Matibabu ya uzazi si jambo moja linalofanywa au kuahirishwa kwa mkupuo. Yana hatua, na kila hatua ina uhusiano wake na viza: zipo za kufanywa leo, zipo za kungoja, na kosa ni kuzipanga zote katika foleni moja.

Nianze na hesabu, maana ndiyo inayovuruga nyumba nyingi kabla hata daktari hajaonwa. Shirika la Afya Duniani huhesabu ugumba kuanzia pale wanandoa wanapokutana mara kwa mara bila kinga kwa miezi 12 au zaidi na mimba isiingie. Kipimo hicho kinawahusu watu wanaoishi pamoja. Mwanamke aliyefunga ndoa miaka minne iliyopita, akabaki Nyegezi huku mumewe akirudi kazini Uingereza, hana miaka minne ya kukosa mtoto. Ana likizo chache za mumewe, na hizo ndizo za kuhesabiwa. Yai likishatoka huishi kwa muda usiozidi saa 24 hivi, na mbegu za kiume huweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5, kwa hiyo kila mzunguko una siku zipatazo 6 tu ambazo mimba inaweza kutungwa. Likizo ya wiki 3 kwa kawaida hubeba kipindi kimoja cha namna hiyo, na ikiangukia vibaya huenda isibebe hata hicho. Wanandoa vijana wenye afya njema wana nafasi ya takriban robo ya kupata mimba katika mwezi mmoja. Chukua basi wanandoa 100 wa aina hiyo wanaokutana kwa likizo 3 tu, na tuseme kila likizo imeangukia siku zinazofaa: kwa hesabu hiyo zaidi ya 40 watamaliza likizo ya tatu bila mimba, ingawa hakuna mgonjwa hata mmoja kati yao. Mawifi na mashangazi wanaohesabu miaka tangu ng'ombe wa mahari walipopelekwa wanahesabu kitu ambacho hospitali haikitambui.

Hata hivyo hesabu hiyohiyo isitumiwe kuwalaza watu usingizi. Mwanamke aliyevuka miaka 35 huelekezwa aanze uchunguzi baada ya miezi 6 badala ya 12, kwa sababu kuanzia umri huo mayai hupungua kwa kasi zaidi, na yanayobaki huzidi kuwa na kasoro zinazofanya mimba zisitunge au ziharibike mapema. Kwa wanandoa waliotenganishwa na viza, wala miezi 12 wala hiyo 6 haitimii. Ndiyo maana siafiki kabisa wanaposema, kama nilivyomsikia mtoa huduma mmoja akimwambia binti wa jirani yangu, kwamba arudi kliniki atakapokuwa ameishi na mumewe mwaka mzima. Huyo binti ana miaka 37. Mwaka mzima wa kuishi na mumewe utaanza lini?

Vipimo havina mgogoro wowote na viza. Hakuna afisa wa ubalozi anayeuliza kama mwombaji amepimwa homoni, na hakuna fomu inayomtaka aeleze hali ya mirija yake ya uzazi. Tena vinamhusu mwanamume sawasawa na mwanamke, jambo ambalo huku kwetu bado linasemwa kwa kunong'ona: katika karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, sababu ya mwanamume imo, ama peke yake ama pamoja na ya mwanamke. Mume aliyeko Birmingham au Houston anaweza kupimwa mbegu hukohuko aliko, bila kusubiri likizo, na majibu yake yakatumwa kwa simu siku hiyohiyo. Kipimo hicho ni rahisi, hakiumi, na mara nyingi gharama yake ni ndogo kuliko tiketi moja ya ndege ya Mwanza hadi Dar es Salaam. Nimewaona wanawake waliopigwa picha za mirija, wakanywa vidonge vya kupevusha mayai na kuzunguka kwa waganga wa mitishamba wa wilaya zaidi ya moja, huku mume hajawahi kutoa hata tone la kupimwa.

Kwa upande wa mwanamke, yapo mambo machache ya msingi ambayo hospitali kubwa za mijini zinaweza kuyafanya au kuyaelekeza: homoni ya AMH, inayotoa picha ya akiba ya mayai, ultrasaundi ya kuangalia mfuko wa uzazi na kuhesabu vifuko vya mayai, na picha ya eksirei ya mirija inayopigwa kwa kuingiza dawa maalumu, ambayo hufanyika baada ya hedhi kukatika na kabla yai halijatoka ili isije ikapigwa juu ya mimba changa. Mirija kuziba kutokana na maambukizi ya zamani yasiyotibiwa ni sababu kubwa ya ugumba katika nchi zetu. Kanda yetu ina jambo jingine ambalo daktari wa London huenda asilifikirie haraka. Kichocho cha ufukweni mwa ziwa kwa kawaida ni kile cha matumbo, lakini binti aliyekulia bara, Misungwi, Kwimba, Maswa au Shinyanga, akichota maji lamboni na kupanda mpunga majarubani, anaweza kuwa amepata kichocho cha mkojo, na hicho huweza kuathiri njia ya uzazi pia. Dawa yake, prazikwanteli, inapatikana na hutolewa hata shuleni. Kuna sababu gani ya kwenda kutafuta ugonjwa huo Ulaya wakati wanaoufahamu vizuri wako hapahapa?

Baada ya vipimo ndipo wanandoa wanagawanyika, na hapa naomba nisieleweke vibaya. Mwanamke mwenye miaka 26, ambaye vipimo vyake na vya mumewe ni vizuri, ambaye tatizo lake pekee ni umbali, hahitaji kupandikizwa mimba, yaani yai kuunganishwa na mbegu maabara kisha kurudishwa tumboni. Anahitaji mume. Asiuze kiwanja cha Buswelu kwa ajili ya matibabu ambayo pengine hatayahitaji kamwe watakapoishi pamoja. Asubiri viza yake, ahesabu siku zake vizuri, na mumewe aombe likizo kwa kufuata kalenda ya mkewe badala ya kungoja Krismasi. Ninaowaandikia hasa ni wale wa miaka 35 na kuendelea, wale ambao akiba yao ya mayai imeonekana ni ndogo, wale ambao mirija yote miwili imeziba, na wale ambao mbegu za mume ni chache kiasi cha kuhitaji msaada wa maabara. Kwa hawa kila mwaka wa kusubiri una bei yake.

Wao wajue kwamba kinachozeeka ni yai likiwa bado mwilini. Likishavunwa na kugandishwa, au likishaungana na mbegu ya kiume na kuwa kiinitete kilichohifadhiwa katika nitrojeni ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, halizeeki tena. Mwanamke akivuna mayai akiwa na miaka 37 na kiinitete kikarudishwa tumboni akiwa na miaka 40, nafasi yake hufuata zaidi umri wa yai, yaani ile 37. Wala haya si majaribio ya jana. Mtoto wa kwanza wa kupandikizwa mimba alizaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978. Uganda ilipata wa kwanza mwaka 2004 na Kenya mwaka 2006. Watu wengi wa Kanda ya Ziwa huifuata huduma hii Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, na Mtanzania havuki mpaka wa Kenya pale Sirari wala wa Uganda pale Mutukula kwa viza. Gharama ni mamilioni ya shilingi na haihakikishi mtoto. Asiyeambiwa hivyo waziwazi kabla ya kulipa ahame kliniki.

Jambo ambalo wanandoa wengi hawalijui ni kwamba mume si lazima awepo siku mayai yanapovunwa. Mke huchomwa sindano za kukuza mayai kwa siku zipatazo 10 hadi 12, kisha sindano ya mwisho ya kuyapevusha, na uvunaji hufuata baada ya saa kama 36. Ratiba hiyo haipangiki kwa tarehe ya ndege, kwa kuwa mwili ndio unaoamua. Mume akija likizo anaweza kutoa mbegu mapema zikagandishwa, akapimwa virusi vya Ukimwi na homa ya ini aina ya B na C kama kliniki inavyotaka kabla ya kuhifadhi, akasaini hati za ridhaa mbele ya daktari, na akaondoka. Mke akaendelea mwezi unaofuata kwa utulivu. Tena mbegu za kiume huchukua karibu miezi 3 kukomaa, kwa hiyo homa kali au unywaji wa pombe wa Oktoba huweza kuonekana katika kipimo cha Desemba. Anayejua atakuja Desemba aanze kujitunza Septemba. Wanaume wakiambiwa jambo hili kwa hesabu namna hii hulielewa. Wakiambiwa kwa jumla kwamba waishi kwa afya hawalisikii.

Hatua inayopaswa kupangwa kwa kuitazama viza ni ile ya kurudisha kiinitete tumboni, au kwa lugha ya kawaida, kushika mimba yenyewe. Kwanza niondoe uvumi. Mimba si sababu ya kumnyima mke viza ya kumfuata mumewe, wala Uingereza wala Marekani, na mwanamke hana haja ya kujifunga kanga tatu akienda kwenye miadi yake. Ila mimba inagongana na mambo ya kitabibu yaliyomo ndani ya maombi hayo. Mkazi wa Tanzania anayeomba kwenda kuishi Uingereza zaidi ya miezi 6 lazima apate cheti cha kupimwa kifua kikuu katika kliniki inayokubaliwa na nchi hiyo, na kipimo chenyewe huanza na picha ya kifua ya eksirei. Mjamzito hupewa njia mbadala: kupigwa picha huku tumbo limekingwa, kupimwa makohozi, au kusubiri hadi ajifungue. Makohozi yakioteshwa maabara huweza kuchukua hadi wiki 8, na kusubiri kujifungua ni kuahirisha safari yenyewe. Cheti hicho hudumu miezi 6. Mpango wa busara basi ni kupiga picha ya kifua kwanza, cheti kikiwa mkononi maombi yatumwe, na kiinitete kirudishwe baada ya hapo.

Kwa wanaokwenda Marekani linaongezeka suala la chanjo. Uchunguzi wa afya wa viza ya uhamiaji hufanywa na daktari aliyeteuliwa na ubalozi, na hutaka mwombaji awe na chanjo kadhaa, zikiwemo ya surua, matumbwitumbwi na rubela, na ya tetekuwanga. Hizo ni chanjo zenye vimelea hai vilivyodhoofishwa. Hazitolewi kwa mjamzito, na aliyechanjwa hushauriwa asishike mimba kwa angalau mwezi mmoja. Mjamzito hasukumwi kuchanjwa, lakini mwanamke anayejiandaa kupandikizwa ni afadhali azimalize mapema kabisa, kwa faida yake na ya mtoto, maana rubela katika miezi ya mwanzo ya mimba huweza kumdhuru mtoto vibaya sana. Kwa Marekani, vilevile, mdhamini hutakiwa kuonyesha kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango rasmi cha umaskini kulingana na idadi ya watu wa kaya yake, na mtoto akizaliwa kabla ya shauri kuisha kaya imeongezeka mtu. Mume anayebangaiza kipato cha mpakani alijue hilo.

Kuhusu uraia wa mtoto nitasema kidogo, kwa upande wa Uingereza tu. Mume akiwa raia wa Uingereza aliyezaliwa huko au aliyepewa uraia huko, mtoto wake wa ndoa atakayezaliwa Mwanza ni raia wa Uingereza tangu kuzaliwa. Lakini mume akiwa na kibali cha ukaazi wa kudumu tu, bila uraia, mtoto akizaliwa hapa si raia wa kule na atahitaji maombi yake mwenyewe na ada zake mwenyewe. Akizaliwa kule, anazaliwa raia. Wanandoa wengi huchanganya vitu hivi viwili, kwa sababu nyumbani kila mwenye ukaazi wa kudumu huitwa "mwenye makaratasi" basi. Tofauti hiyo moja inaweza kubadilisha mwezi ambao ni vyema mimba ianze, na haihitaji wakili kuijua. Inahitaji mume aseme ukweli kuhusu makaratasi yake.

Sasa nirudi kwenye hoja kuu ya msomaji mwenzangu, kwamba huko serikali inalipa. Mwombaji wa viza ya mwenza kwenda Uingereza hulipa, pamoja na ada ya maombi, ada ya afya ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mwaka. Kwa viza ya kwanza ya miezi 33, inayotozwa kama miaka 3, inafika pauni 3,105. Ni kweli kwamba aliyelipa ada hiyo hutibiwa katika huduma ya afya ya taifa, NHS, na akifika akiwa mjamzito huhudumiwa kliniki na kujifungua bila bili nyingine. Lakini kwa upande wa England, tangu tarehe 21 Agosti 2017, upandikizaji mimba umeondolewa katika huduma anazostahili mtu kwa kulipa ada hiyo. Atauguzwa malaria, atafanyiwa upasuaji, atazalishwa. Akitaka kupandikizwa mimba atalipa kwa fedha zake mpaka apate ukaazi wa kudumu, ambao kwa njia ya ndoa kwa kawaida huombwa baada ya miaka 5. Mwanamke anayefika akiwa na miaka 36 atakuwa na 41 siku hiyo. Mwongozo wa kitaifa wa huko wa mwaka 2013 unapendekeza mizunguko 3 ya upandikizaji kwa walio chini ya miaka 40, na mmoja tu kwa wa miaka 40 hadi 42 wanaotimiza masharti ya ziada, na maeneo mengi hutoa pungufu ya hapo. Huo ndio mlango ambao wanawake wetu wanaambiwa wakae miaka wakiungoja. Marekani hakuna hata mlango huo: inategemea bima ya mwajiri na jimbo, na asiye na bima inayogusa uzazi hulipa maelfu mengi ya dola kwa mzunguko mmoja.

Wapo wanaosema basi mayai yavunwe hapa, viinitete vigandishwe, vichukuliwe baadaye. Inawezekana, lakini havibebwi kwenye begi la mkononi. Uingereza ina mamlaka inayosimamia mambo haya, HFEA, na viinitete vinavyotoka nje huingia kupitia kliniki yenye leseni, kwa masharti kuhusu kliniki vilikotengenezwa, vipimo vya damu vya wenye mbegu na mayai, na ridhaa zao za maandishi. Anayefikiria njia hiyo aiandikie kliniki ya huko kabla hajagandisha chochote, aulize wanataka nini, na jibu hilo alipeleke kwa daktari wa hapa. Vipimo vilivyosahaulika siku ya kuvuna haviwezi kufanywa miaka miwili baadaye kana kwamba vilifanywa siku ile. Kwa wengi, nadhani, ni rahisi zaidi mke arudi mwenyewe kwa wiki chache kurudishiwa kiinitete hapa Afrika Mashariki kuliko kiinitete kimfuate Ulaya. Ada ya kuhifadhi hulipwa kila mwaka, na iwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Kuna pia njia ya mkato inayopendekezwa sana: mke aombe viza ya matembezi, akifika aanze matibabu na kukaa. Nawasihi wasijaribu. Kudanganya katika maombi ya viza ya Uingereza kunaweza kumfungia mtu mlango kwa hadi miaka 10, na kwa mwanamke wa miaka 37 miaka 10 ndiyo maisha yake yote ya uzazi. Viza ya matibabu ya kulipia ipo, kwa anayeomba kwa ukweli na kuonyesha uwezo wa kulipa, lakini mwenye shauri la ndoa linalosubiri atatakiwa kueleza vizuri kwa nini ataondoka matibabu yakiisha.

Na viza ikikataliwa? Hilo halizungumzwi, labda kwa kuogopa kulitamkia mabaya. Maombi ya wenza hukataliwa kwa sababu ya kipato, nyaraka, au afisa kutoridhika na ndoa yenyewe; rufaa ipo, nayo huchukua miezi mingi. Tangu tarehe 11 Aprili 2024 mdhamini wa mwombaji mpya wa Uingereza anatakiwa kuwa na kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka, kutoka 18,600 za awali, na vijana wengi wetu wanaofanya kazi za kutunza wazee au za ghalani hawafiki hapo kirahisi. Mwanamke aliyeahirisha kila kitu atakuwa amepoteza viza na umri kwa pamoja. Aliyepimwa na kuhifadhi bado ana cha kurudia, awe Mwanza au Manchester. Aliyeshika mimba tayari naye apange kana kwamba atajifungulia hapa, ahudhurie kliniki kuanzia miezi ya kwanza, awe na daktari anayemjua na bima au akiba ya kujifungulia, ili viza ikija akiwa na miezi saba aamue kwa utulivu. Mashirika mengi ya ndege hudai barua ya daktari kuanzia wiki ya 28 na hayabebi mimba ya mtoto mmoja baada ya wiki 36, na ya mapacha mapema zaidi. Hiyo ni sababu mojawapo ya kutaka kirudishwe kiinitete kimoja kwa wakati, hata pale mama mkwe anapotamani pacha.

Ninyi wakwe wenzangu, kwa heshima zote, mnajua kwamba mwanenu ndiye aliye mbali. Mkiuliza habari za mjukuu, mwulizeni yeye kwanza kama amepima.

Kwa hospitali na kliniki zetu za Kanda ya Ziwa nina maombi mawili. La kwanza ni kuongeza swali moja kwenye kadi ya mwanamke anayekuja kwa tatizo la kuchelewa kupata mtoto: mume anaishi wapi, na atakuja lini? Jibu la swali hilo lingemwokoa mgonjwa na miezi ya vidonge vya kupevusha mayai ambavyo mara nyingi huandikwa kwa mwanamke ambaye mumewe yuko maelfu ya kilomita mbali. La pili linahusu hati za ridhaa. Wanandoa wanaohifadhi mbegu au viinitete husaini karatasi zinazosema kitakachofanyika mmoja akifariki, wakiachana, au ada isipolipwa, na nilizowahi kuonyeshwa zote zilikuwa kwa Kiingereza kigumu, zikisainiwa na mke mezani na mume kwa kuchanganua karatasi simuni usiku wa manane baada ya zamu. Ziwepo kwa Kiswahili, wapewe waende nazo nyumbani wiki moja kabla, na mume aliyeko mbali asomewe na daktari kwa simu ya video, mkewe akiwa amekaa pale pale akisikia anachokubali.

Muuguzi Mkunga Mstaafu,
Buswelu, Mwanza.